Siku tatu zinatosha kuvuka Uingereza kwa baiskeli?

Swali: Shikamoo fundi. Sisi ni marafiki watano, Watanzania na Wakenya, wanne tunaishi Leicester na mmoja Coventry. Mwisho wa Mei tunataka kuvuka Uingereza kwa baiskeli kutoka pwani hadi pwani, kwa ile njia inayoanzia Whitehaven, pwani ya magharibi, na kuishia Tynemouth, pwani ya mashariki. Tunaambiwa ni maili 140 na wapo wanaoimaliza kwa siku mbili. Sisi tuna siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu ya sikukuu. Wanaume wawili huenda kazini kwa baiskeli kila siku, mimi na dada mwingine huendesha wikiendi tu, na rafiki yetu mmoja hajapanda baiskeli tangu aondoke Morogoro. Je, siku tatu zinatosha? Tuchukue baiskeli za aina gani? Na sisi wanawake tunavaa hijabu na hatuli nyama isiyo halali. Huko vijijini tutakula nini?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa kundi lenu, hazitoshi. Nimelitanguliza jibu ili muombe ruhusa kazini mapema: ongezeni Ijumaa au Jumanne mpate siku nne za kuendesha, na siku ya kupanda treni kwenda huko msiihesabu humo. Sababu nitaieleza kwa urefu, maana najua wale kaka wawili watabisha.

Watabisha kwa hesabu. Watakwambia maili 140 ukigawa kwa tatu ni 47 kwa siku, na mtu anayeendesha kila siku mjini maili 47 haziwezi kumtisha. Hesabu yao haina kosa. Tatizo ni kwamba njia hii maili zake hazilingani. Iko maili utakayoimaliza kwa dakika nne huku unaongea, na iko maili itakayokula dakika ishirini na kukuacha umekaa kando ya barabara ukijiuliza nani alikutuma.

Itazame ilivyolala. Mnaanza usawa wa bahari Whitehaven, na mwanzo wake ni wa kubembeleza: reli ya zamani iliyong'olewa mataruma ikawa njia ya baiskeli, inapanda polepole kupitia Cleator Moor. Kisha mnaingia kwenye barabara ndogo za mashamba, mnapita karibu na ziwa Loweswater, mnafika Lorton, na hapo mlima wa kwanza wa kweli unawasubiri, Whinlatter, mita 318. Ukishauvuka unateremka hadi Keswick. Kutoka Keswick hadi Penrith ni raha. Hadi Threlkeld mnafuata tena reli ya zamani kando ya mto. Kimbunga Desmond cha Desemba 2015 kilikomba madaraja yake mawili, ikafungwa, ikafunguliwa tena Desemba 2020. Kisha Greystoke, kisha Penrith, kisha bonde la mto Eden lenye ng'ombe wanene na vijiji vya mawe mekundu. Mpaka hapo mmemaliza maili zaidi ya 50 na kila mtu anajiona bingwa.

Halafu inakuja Hartside, mita 580. Mkiteremka upande wa pili mnapanda tena kuelekea Nenthead, mkitoka Nenthead mnapanda Black Hill, mita 609, na hapo ndipo mahali pa juu kuliko pote katika mtandao mzima wa njia za baiskeli wa taifa. Mnashuka Allenheads. Mnapanda tena mtoke bondeni humo, mnashuka Rookhope, mnashuka Stanhope, na nyuma ya Stanhope ipo Crawleyside, ambayo si ndefu lakini wengi wetu huwa tunaisukuma baiskeli, na sioni haya kulisema. Baada ya Crawleyside, kama maili 35 zilizobaki zote kwa ujumla zinashuka kwenda baharini.

Kwa hiyo milima mitano kati ya sita imerundikana mahali pamoja, kuanzia Langwathby, kijiji cha bonde la Eden, hadi juu ya Stanhope. Mkigawa safari kwa siku tatu zilizo sawa, siku ya pili inaimeza karibu yote. Siku hiyo ndiyo itakayoamua kama mtarudi Leicester bado marafiki.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuikosea. Ni mtu wa Tanga, mji ambao watoto hujua baiskeli kabla ya kujua kusoma, na nilipohamia huku Gateshead nikajiona sina cha kujifunza. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na wenzangu watatu, nikapanga siku mbili. Kwenye Hartside nilitangulia na mwenzangu mmoja, tukachuana mpaka juu, tukafika tunacheka. Tukasubiri. Robo saa, nusu saa, dakika arobaini. Jasho likatupoa mgongoni, upepo ukaanza kutukata. Tulipoamua kurudi chini tuliwakuta wale wawili wamekaa chini ya ukuta wa mawe, mmoja tairi lake la nyuma limekwisha upepo. Tyubu walikuwa nazo. Pampu walikuwa hawana. Pampu, viraka na chakula chote vilikuwa kwenye mkoba wangu, kileleni. Simu hazikushika mtandao. Yule mwenye pancha hakuniambia neno lolote hadi tulipofika Alston, na hata leo akinitania huniita "Bwana Pampu".

Tangu siku hiyo kundi ninaloliongoza lina sheria moja isiyojadiliwa: mwenye pampu huendesha mwisho. Na huyo wa mwisho awe mmojawapo wa wenye nguvu, si yule dhaifu aliyeachwa nyuma kwa bahati mbaya. Kwenu namaanisha wale kaka wawili. Mmoja atangulie, mmoja afunge msafara, na wabadilishane kila siku. Mkiwafanyia hivyo, nguvu zao zitawafaa wote watano. Mkiwaacha huru, nguvu zao zitalivunja kundi kabla ya Penrith.

Kuna na utaratibu wa njia panda ambao makundi mengi hapa huutumia. Kiongozi akifika mahali pa kukata kona, yule anayemfuata anasimama pale pale na kuonyesha upande, wala haondoki mpaka yule wa mwisho apite. Hivyo hakuna anayepotea na hakuna anayelazimika kukimbizana na mgongo wa mwenzake. Alama za njia ni ndogo, za buluu, nyingine zimezibwa na majani ya Mei, na vijijini huku ukikosa kona moja unaweza kuteremka maili mbili kabla ya kugundua. Kuteremka ni bure. Kurudi juu ndiko kwa kulipia.

Mizigo nayo igawanywe kwa nguvu za mtu. Watu hugawa sawa kwa sawa wakidhani ndiyo haki. Mtu wa Morogoro akiwa na kilo nane kwenye kariya na kaka anayeenda kazini kila siku naye ana kilo nane, mmeiongeza tofauti yao badala ya kuipunguza. Mwacheni huyo wa Morogoro abebe koti lake, maji yake na karanga zake. Vingine vyote wabebe wenye miguu. Zipo pia kampuni ndogo zinazobeba mabegi kwa gari kutoka nyumba ya wageni hadi nyingine kwenye njia hii, na si ghali mkichanga watano.

Na kuhusu huyo dada wa Morogoro nina ushauri ambao huenda hakuutarajia: akodi baiskeli ya umeme. Sheria ya hapa inaruhusu injini ya hadi wati 250 inayomsaidia mtu anapokanyaga, na msaada huo hukatika akifikisha maili 15.5 kwa saa. Haihitaji leseni wala bima. Hakuna aibu yoyote. Atakanyaga, atatoka jasho, ila Hartside haitamuua. Mabaya yake ni mawili: ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 20, kwa hiyo kwenye mageti ya mashambani mtasaidiana kuinua, na betri lazima ichajiwe kila usiku, pengine na mchana mkisimama kula. Aulize kabla ya kukodi betri moja inamfikisha wapi kwenye milima, maana zile namba za dukani hupimwa tambarare. Na msishangae akawaacha nyote. Nimeliona mara nyingi.

Turudi kwenye siku nne zenyewe. Siku ya kwanza Whitehaven hadi Keswick, maili 30 hivi. Ya pili Keswick hadi Langwathby au kijiji cha jirani, nayo kama 30, nyepesi, na hapa mnapata muda wa kutembea. Si mbali na njia, karibu na Little Salkeld, kuna mduara mkubwa wa mawe ya kale unaoitwa Long Meg and Her Daughters, na ng'ombe wanakula majani katikati yake. Wenyeji wanasema ni wachawi waliogeuzwa mawe, na kwamba ukiyahesabu mara mbili ukapata idadi ileile uchawi unafunguka. Nimehesabu mara tatu kwa miaka tofauti nikapata majibu matatu, basi wachawi bado wapo. Siku ya tatu ni maili zisizofika 30, lakini ndiyo siku ya milima: Hartside asubuhi miguu ikiwa mipya, chakula Alston au Garrigill, Nenthead na Black Hill mchana, mlale Allenheads. Siku ya nne ni ndefu, karibu maili 50, lakini ukishaivuka Crawleyside hiyo ndiyo siku ya zawadi.

Zawadi yake ni reli tena. Juu ya Stanhope mnaingia Waskerley Way, iliyokuwa reli ya kubeba chokaa na makaa iliyofunguliwa mwaka 1834, sasa ni njia ya changarawe katikati ya nyika isiyo na mti. Mnashuka polepole saa nzima bila kukanyaga kwa nguvu. Kabla ya Consett mnavuka daraja la Hownsgill, la mwaka 1858, refu kwenda juu kiasi kwamba miti ya bondeni inaonekana kama mboga. Aliyelichora ni Thomas Bouch, huyo huyo ambaye daraja lake la mto Tay kule Scotland lilianguka na treni mwaka 1879. Hili la Hownsgill bado limesimama. Consett wenyewe ulikuwa mji wa chuma; kiwanda kilifungwa 1980, na leo ukipita huwezi kuamini kwamba vumbi jekundu lilikuwa likifunika nguo kwenye kamba za watu. Wazee wa pale mkisimama watawasimulia, wanapenda kuulizwa. Kutoka Consett mnafuata Derwent Walk hadi mto Tyne, mnaona daraja la Gateshead Millennium linalopinda kama jicho, na mto unawapeleka hadi Tynemouth.

Kwa nini kuanzia magharibi, mtauliza, wakati treni ya Newcastle ni rahisi zaidi kwenu? Kwa sababu ya upepo. Sehemu kubwa ya mwaka hapa upepo hutoka kusini-magharibi, na kuendesha siku nne na upepo mgongoni si sawa na kuendesha nao kifuani. Pia, ukitoka magharibi kupanda ni kukali na kufupi zaidi, na kushuka ni kurefu. Ila upo upepo mmoja usiofuata kanuni hiyo, nao una jina lake, Helm, upepo pekee wa Uingereza uliopewa jina. Huo huporomoka kutoka mlima Cross Fell, mita 893, ukashuka bonde la Eden kutoka kaskazini-mashariki. Siku ukivuma, utakukuta usoni hasa mnapopanda Hartside. Mkiona wingu refu limelala juu ya kilele kama kofia, na bondeni kunavuma wakati mbali kidogo kumetulia, kaeni Langwathby mnywe chai. Helm huweza kuvuma kutwa nzima. Hakuna kuushinda kwa ujana.

Mvua sihitaji kuitetea. Seathwaite, kijiji kilicho kusini ya Keswick, hupata kama milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ya Dar inanyesha ikamaliza. Ya huku inaning'inia. Chukueni koti la mvua jepesi lenye mgongo mrefu, na baiskeli ziwe na madigadi. Asiye na madigadi humrushia matope usoni anayemfuata, na baada ya saa mbili urafiki unapungua. Kileleni vaeni koti kabla ya kuanza kushuka, hata kama mnatokwa jasho, na hasa kama mnatokwa jasho. Glovu pia. Vidole vilivyoganda havibani breki.

Mwezi mmeuchagua vizuri. Mwisho wa Mei jua linachomoza huko kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mkichelewa hamtakamatwa na giza, ingawa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma mnazihitaji hata hivyo. Pia ni msimu wa pancha chache. Wakulima hukata ua wa miti yao ya miba kuanzia Septemba na kuendelea, kwa kuwa sheria inawakataza kuikata Machi hadi Agosti kulinda ndege wanaotaga. Oktoba barabara zile zimetapakaa miba kama sindano. Mei ni safi.

Baiskeli. Barua yako inaonyesha mna hofu kwamba hizo mlizo nazo hazifai. Pengine zinafaa. Babu yangu alibeba magunia ya nazi kwa Raleigh isiyo na gia, na Raleigh hizo zilitoka Nottingham, jirani na hapo mnapoishi. Lakini babu hakuwa na Hartside. Ninachotaka mkitazame ni gia nyepesi kuliko zote. Hesabuni meno ya duara dogo la mbele kwenye pedali, kisha meno ya duara kubwa la nyuma. La nyuma likiwa na meno sawa na la mbele au zaidi, mtapanda. La nyuma likiwa na 25 na la mbele 34, badilisheni la nyuma kabla ya safari. Fundi yeyote atafanya kazi hiyo, mradi aangalie kama gia yenu ya nyuma inalimudu. Matairi yawe ya milimita 32 hadi 40. Membamba zaidi ya hapo yatawapa tabu kwenye changarawe ya Waskerley, na ya baiskeli za milimani yenye meno makubwa yatawachosha bure kwenye lami.

Breki ndizo ninazozikagua mimi kabla ya kitu kingine chochote. Mnaposhuka Hartside kwenda Alston na mizigo, pedi zilizolika hamtazigundua hadi mkono wa breki umegusa usukani. Wekeni pedi mpya wiki moja kabla, mzijaribu mjini. Mkoba wa vifaa si lazima uwe mkubwa: tyubu mbili kwa kila saizi ya tairi, viraka na gundi, vyuma vya kubandulia tairi, kiungo cha cheni, seti ya spana za pembe sita, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Kila baiskeli ina chake na hakuna duka la kijijini litakalokuwa nacho. Baiskeli ikianguka upande wa kulia kipande hicho hupinda au huvunjika, na bila hicho hakuna gia. Ni cha bei ndogo. Nunueni.

Barabarani mnajua tayari: kushoto, na sheria inaruhusu wawili sambamba, ila kwenye vibarabara vya ukuta kwa ukuta mfuatane, trekta halina pa kukwepea. Mtakutana na vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia kondoo. Vivukeni mkiwa mmenyooka, bila kukata kona wala kubana breki, hasa vikiwa vimelowa. Geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi. Kondoo wa Mei wana watoto. Mama akiwa upande huu na mwanawe upande ule, jueni mmojawapo atavuka mbele yenu. Kwenye ramani mtaona vijia vingi: vile vya farasi baiskeli inaruhusiwa tangu sheria ya 1968, mkiwapisha waenda kwa miguu na wapanda farasi, vile vya miguu tu haviruhusiwi. Na kabla ya kuondoka kila mmoja atume ujumbe wenye neno "register" kwenda 999, akamilishe usajili, ili mahali ambapo simu haishiki sauti lakini ujumbe unapita, aweze kuomba msaada kwa maandishi.

Sasa treni, ambayo huvuruga makundi mengi kuliko milima. Mtafika Carlisle kwa treni za njia ndefu, na hizo zinataka mweke nafasi ya baiskeli mapema. Nafasi huwa chache, mbili au tatu hivi kwa treni. Kutoka Carlisle kwenda Whitehaven ni treni ndogo ya pwani, ambayo kwa kawaida huchukua baiskeli mbili, anayewahi ndiye anayepata. Ninyi ni watano. Siku ya kabla ya sikukuu. Umeona? Ama mgawanyike kwa treni tofauti kuanzia asubuhi, ama mkodi gari la mizigo mtu awapeleke, ama mtumie mojawapo ya kampuni za magari yanayobeba waendesha baiskeli na baiskeli zao kwenda mwanzo wa njia. Mimi ningechukua gari. Kurudi kutoka Newcastle ni rahisi zaidi, lakini nafasi za baiskeli zikateni siku ileile mnayokata tiketi zenu.

Chakula. Keswick na Penrith ni miji ya kitalii, mtapata mboga, samaki na vyakula vya Kihindi; ulizeni kuhusu halali kabla ya kuagiza. Baada ya Penrith msitegemee nyama halali mpaka Newcastle, ambako ipo tele. Katikati hapo mtakula viazi vya kuoka vyenye maharage na jibini, mayai, supu ya mboga, na zile skonzi za siagi na jemu ambazo baada ya Hartside huwa tamu kuliko vitumbua, Mungu anisamehe. Tatizo kubwa kuliko halali ni saa. Jikoni nyingi za vijijini hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na usiku huacha kupika saa mbili au mbili na nusu. Watu hufika Allenheads saa tatu usiku jua bado liko juu, wanadhani ni jioni, wanakuta jikoni kumezimwa. Pigieni simu nyumba ya wageni siku moja kabla, semeni mtafika saa ngapi na hamli nini. Wengi ni watu wema, wakijua mapema watawawekea. Kila mmoja awe na akiba mfukoni: tende, karanga, ndizi. Tende ni chakula cha baiskeli tangu hapo. Hizo pipi za wanariadha zinauzwa ghali kwa kuiga kazi yake.

Mavazi ya ninyi akina dada: mtandio mwepesi wa michezo unaobana kichwa unakaa vizuri chini ya helmeti, bila pini na bila fundo kisogoni, maana fundo huisukuma helmeti ikaja usoni. Helmeti si lazima kisheria, lakini kwa miteremko ile mimi siondoki bila yangu. Juu vaeni shati refu linalofika mapajani, chini suruali ya kubana, au pana iliyofungwa kifundoni kwa mkanda upande wa cheni. Ndani ya suruali vaeni ile kaptula yenye sponji, bila chupi, na mpake mafuta mazito panaposuguana. Naandika wazi kwa sababu siku ya pili hakuna atakayekumbuka milima, atakumbuka kiti. Na kiti kipya kisianze safari. Kizoeeni kwa wiki kadhaa.

Wiki hizo zipo, tangu sasa hadi Mei. Leicestershire ina vilima vya kutosha. Kila wikiendi fanyeni mwendo mmoja wa pamoja, muongeze kidogo kidogo mpaka maili 35, na angalau mara moja muendeshe siku mbili mfululizo, kwa kuwa mwili hujifichua siku ya pili. Nendeni na mizigo ileile mtakayobeba.

Likizo ikikataa kuongezeka, msilazimishe siku tatu kwenye njia nzima. Anzieni Penrith, kwenye stesheni kubwa ya treni za London na Scotland, na mtakuwa na maili kama 85 hadi 90 kwa siku tatu: siku moja ya bonde na Hartside, siku moja ya Nenthead na Black Hill, siku moja ya kushuka hadi baharini. Mtakosa Whinlatter, na Loweswater na maziwa mengine ya Cumbria, upande wa magharibi, na ni hasara, lakini ile milima mitano mingine mtaipata na hakuna atakayelia.

Desturi ya njia hii ni kuchovya gurudumu la nyuma baharini Whitehaven na la mbele baharini Tynemouth. Chovyeni, mpige picha, kila mtu hufanya. Ila kabla ya kupanda treni tafuteni bomba la maji baridi, mzioshe rimu na cheni, mpanguse, mtie mafuta. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye cheni. Huyo wenu wa Morogoro mwelezeni.